Utafiti kwenye maktaba ya shule, ukiwa na daftari na penseli

Wengi wetu tunaosimamia maktaba za sekondari hatukusomea ukutubi. Mkuu wa shule anatazama ratiba, anaona nani ana vipindi vichache, anamkabidhi funguo. Mimi nafundisha Kiswahili na Jiografia kwenye shule ya kata mkoani Morogoro, na maktaba yangu ni darasa lililozungushiwa rafu, lenye meza ndefu katikati na dirisha moja lisilofunga vizuri. Anayetaka kuisomea kazi hii kwa cheti au stashahada aende Bagamoyo, kwenye chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba. Asiye na nafasi hiyo anaweza kuanza na haya ninayoyaeleza hapa: namna ya kuichunguza maktaba yako mwenyewe, bila fedha wala kompyuta, ili siku ukisimama kwenye kikao cha walimu uwe na la kusema zaidi ya "vitabu ni vichache". Kila mtu anajua vitabu ni vichache.

Tafuta swali dogo

Swali watakalokusukumia watu wote ni hili: maktaba inaongeza ufaulu? Liache. Huko Marekani, mtafiti Keith Curry Lance na wenzake walilichimba katika jimbo la Colorado, ripoti yao ikatoka mwaka 1993, na majimbo mengine yakafuata. Waliona kwamba shule zenye maktaba inayohudumiwa vizuri zilikuwa na matokeo mazuri zaidi, hata baada ya kuzingatia kipato na elimu ya wazazi wa eneo husika. Lakini wao walikuwa na takwimu za shule nyingi kwa mpigo. Wewe una shule moja. Ukisema matokeo ya Kidato cha Nne yamepanda kwa sababu ya maktaba, mwalimu wa Hisabati atakuuliza kuhusu wale walimu wapya wa sayansi walioletwa mwezi wa saba, na hutakuwa na jibu.

Swali linalokufaa ni lile ambalo jibu lake, liwe lolote, litakufanya ubadilishe kitu wiki ijayo. Mwanafunzi anayetafuta kitabu cha Bailojia anakipata mwenyewe au lazima aniulize? Wanaoingia saa ya mapumziko wanafanya nini hasa? La kwangu, ambalo nitalitumia kama mfano mpaka mwisho, lilikuwa hili: kwa nini Kidato cha Kwanza wanaazima kwa wingi Februari na Machi, halafu ikifika Aprili wanapotea?

Ofisini kila mwalimu alikuwa na jibu. Watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Simu. Kiingereza kimewashinda, maana wametoka shule ya msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili. Hili la mwisho ndilo niliamini na mimi. Andika majibu ya namna hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla hujaanza, kila moja kwenye mstari wake, kisha chini ya kila moja andika ungetarajia kuona nini kama lingekuwa kweli. Kama tatizo ni Kiingereza, basi vitabu vya hadithi vya Kiswahili vingeendelea kutoka wakati vya Kiingereza vinasimama. Hilo linapimika.

Ushahidi ulio nao tayari

Ross Todd, Mwaustralia aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, aliugawa ushahidi wa mkutubi wa shule katika mafungu matatu: ule unaousoma kwa watafiti wengine kabla hujaamua jambo, ule unaoukusanya kazini kwako kila siku, na ule unaoonyesha kazi yako imemfaa nini mwanafunzi. Fungu la pili unalo. Limelala ndani ya daftari la kuazimisha.

Kama daftari lako lina tarehe, jina, kitabu na sahihi tu, piga mistari miwili zaidi: kidato na mkondo, halafu "cha nini". Hapo kwenye "cha nini" iandikwe herufi moja, basi. K ni kazi aliyotoa mwalimu, M ni mtihani, B ni burudani. Ukiruhusu maelezo, foleni itafika mlangoni na viranja wataanza kujaza uongo ili wamalize.

Daftari peke yake litakudanganya, hasa shule zetu hizi ambako vitabu vingi vya kiada havitoki nje ya chumba kwa sababu nakala hazitoshi. Ukihesabu vilivyoazimwa, utasema kitabu cha Fizikia hakina msomaji, wakati jalada lake limeng'oka kwa kushikwa. Njia yangu ni nukta. Wiki ninayochunguza, mwanafunzi haruhusiwi kurudisha kitabu rafuni, anakiacha mezani. Jioni, kabla ya kuvipanga, naweka nukta moja ya penseli kwenye kona ya ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu nilichokikuta mezani. Fanya hivyo wiki moja au mbili kila muhula. Ukikaa mwaka, kitabu kinakueleza historia yake bila kufungua leja.

Nukta zina faida nyingine ambayo sikuifuata lakini ilikuja yenyewe: zinakuonyesha vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa. Kwangu vingi vilikuwa vya msaada, vilivyofika kwa maboksi kutoka nje, vizito, vya rangi nzuri, vya mitaala ya nchi nyingine. Wafadhili watanisamehe. Lakini usivichome kimyakimya. Ni mali ya serikali, viko kwenye leja, na vinafutwa kwa kibali na utaratibu. Wewe kwanza vihamishie rafu ya juu kabisa, rafu za usawa wa macho ziwe za vitabu vinavyoguswa.

Kuhusu wiki ya kuchunguza: isiwe ya kufungua shule, isiwe ya majaribio, isiwe ya michezo ya UMISSETA, na isiwe ile wanayosikia wathibiti ubora wanakuja. Wiki ya kuchosha ndiyo nzuri.

Kaa ukiangalia

Chora ramani ya chumba kwenye karatasi: meza, viti, rafu, mlango. Toa nakala kadhaa, au mwambie mwanafunzi mwenye mkono mzuri azichore. Kila baada ya dakika 10 inua macho, na mahali penye mtu andika herufi: S anasoma kitabu, N ananakili, Z anazungumza, T anatafuta rafuni, L amelala. Usisogee, usionye mtu. Ukianza kunyamazisha wanaozungumza, unachokiandika tangu hapo ni mwenendo wa watoto walioogopa.

Tegemea N nyingi. Maktaba ya shule nyingi ni mahali pa kunakili notisi, kwa sababu ndipo penye meza iliyonyooka na mwanga. Wapo wanaoona aibu kuliandika hilo kwenye ripoti, mimi sioni. Mtoto ambaye nyumbani anaandikia juu ya goti akipata meza kwa saa moja amehudumiwa, na ukiwa na ramani zako unaweza kuomba meza badala ya kuomba vitabu.

Zoezi jingine la haraka: mtihani wa kutafuta. Mpe mwanafunzi majina ya vitabu vitano unavyojua viko rafuni, mwache avitafute, wewe andika ametafuta wapi kwanza. Mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, tunaoutumia ni wa mwaka 1876, na ndani yake lugha ya Kiswahili iko 496.392 wakati fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Mtoto anayetafuta sarufi na tamthiliya kwa ajili ya somo lile lile anatumwa pembe mbili za chumba. Sisemi uuvunje mfumo, maana akienda maktaba ya mkoa ataukuta ule ule. Bandika tepu ya rangi moja kwenye migongo ya vitabu vyote vya somo la Kiswahili, na ubao mdogo unaosema "vingine viko kule". Baada ya hapo rudia mtihani na watoto wengine.

Kuwauliza wanafunzi

Hapa ndipo utafiti wa shule unapoharibikia, kwa sababu mwanafunzi wa Kitanzania ameandika insha ya "Umuhimu wa Maktaba" tangu darasa la tano. Mpe karatasi yenye swali "Maktaba inakusaidia nini?" na atakujibu kwamba inatuongezea maarifa, inatujengea utamaduni wa kujisomea, na mwisho kabisa ataiomba serikali iongeze vitabu. Utaweka alama 18 kwa 20 na hutajua lolote.

Uliza kuhusu siku moja. Mara ya mwisho ulipoingia humu ulikuwa unatafuta nini? Ulikipata? Kama hukukipata, ulifanya nini? Todd na Carol Kuhlthau, mwenzake wa Rutgers, walipofanya uchunguzi wao mkubwa katika jimbo la Ohio, uliotolewa mwaka 2004, waliwafikia wanafunzi 13,123 wa shule 39. Pamoja na maswali mengi ya kuweka alama walitaka kila mmoja akumbuke safari moja ambayo maktaba ilimsaidia kweli, aeleze alisaidiwa nini na akaweza kufanya nini kwa msaada huo. Swali la aina hiyo ndilo la kuiba. Mimi naongeza ndugu yake: kumbuka siku uliyotaka kuja ukaghairi, kilikuzuia nini?

Uliza kwa Kiswahili, hata kama ubaoni pameandikwa kwamba lugha ya shule ni Kiingereza. Ukiuliza Kidato cha Kwanza kwa Kiingereza, unachokusanya ni kiwango chao cha Kiingereza. Karatasi isiwe na sehemu ya jina. Majibu yaingie kwenye boksi lenye tundu, liwekwe mahali usipokaa wewe. Na mazungumzo ya ana kwa ana asiyafanye anayetoza faini. Kama ni wewe, mwombe mwalimu wa malezi, au mwalimu wa mazoezi kama mnaye muhula huo, maana hao watoto wanawaambia mambo. Jaribu maswali kwa wanafunzi wachache kwanza; swali wanalokuuliza "mwalimu, hapa unamaanisha nini?" lifute.

Mwambie mkuu wa shule kabla hujaanza, akubali kwa maandishi. Mwanafunzi asiyetaka kujibu aachwe. Ukitaka kuhusisha shule ya jirani, hiyo sasa inapitia kibali cha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Na daftari la kuazimisha, baada ya kulisoma kwa ajili ya utafiti, lisiwe la kila mtu kulifungua. Binti aliyeazima kitabu cha ujana na uzazi hana kesi ya kujibu kwa mwalimu wa nidhamu.

Turudi kwenye Aprili yangu. Daftari lilikuwa limeshaonyesha kwamba hadithi za Kiswahili zilipotea pamoja na za Kiingereza, kwa hiyo lile jibu langu la lugha lilipungua nguvu. Ramani zilionyesha kwamba watoto wenyewe hawakupotea: walikuwa humu humu chumbani, wanasoma. Walichoacha ni kutoka na kitabu. Boksi ndilo lililomalizia. Karatasi baada ya karatasi, kwa maneno tofauti, zilisema mvua. Masika yanaanza Machi na kushika kasi Aprili, mtoto anatembea mwendo mrefu, begi ni la kitambaa, nyumba nyingine inavuja, na kwenye ukuta wangu lilikuwapo tangazo kwamba kitabu kikiharibika mzazi atalipa. Wazazi walikuwa wamekataza vitabu vya shule visije nyumbani mpaka mvua ziishe. Wazazi wenye akili, ukifikiria.

Kama unafuatilia kazi-mradi

Hili ni la wale ambao mwalimu wa somo anawaletea darasa zima lije litafute habari. Kuhlthau alianza miaka ya 1980 kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari Marekani wakiwa katikati ya kazi za namna hiyo, na akagundua kwamba hali ya moyo ya mwanafunzi haipandi taratibu mpaka mwisho. Mwanzoni ana wasiwasi, akichagua mada anapata nafuu, halafu anapoanza kusoma vitabu vinavyopingana anachanganyikiwa kuliko mwanzo, na hapo ndipo anaponakili kurasa nzima ili yaishe. Msaada wako upeleke siku hizo za katikati. Ile ziara ya kuwaonyesha rafu siku ya kwanza haimfai sana mtu ambaye bado hajui anatafuta nini.

Kupima ni rahisi. Todd, Kuhlthau na Jannica Heinström walitengeneza kifaa kiitwacho SLIM ambacho kiini chake ni karatasi fupi anayojaza mwanafunzi mara tatu, mwanzo, katikati na mwisho: mada yako ni ipi, andika unayoyajua kuhusu mada hiyo, unajua kwa kiasi gani, lipi jepesi na lipi gumu. Ukizilinganisha zile karatasi utaona kama sentensi zimetoka kwenye "malaria ni ugonjwa" zikafika kwenye "mbu huyu anauma usiku kwa hiyo chandarua kinasaidia", yaani kama amehama kutoka kutaja kwenda kueleza sababu. Mwalimu wa somo akiziona karatasi tatu za mtoto mmoja kando kwa kando, hahitaji hotuba.

Kupanga majibu

Mwaga karatasi za boksi mezani. Soma zote mara moja bila kupanga. Safari ya pili tengeneza marundo kwa kufuata wanachosema, wala usiyape majina mapema. Kisha zichanganye tena na umpe mwalimu mwenzako azipange bila kuona ulivyopanga wewe. Marundo yenu yakifanana, endelea. Yakitofautiana sana, kaeni mjadiliane, kwa sababu mmoja wenu anasoma alichotaka kukisikia.

Usiandike asilimia ukiwa na wanafunzi 12. Andika "7 kati ya 12". Asilimia 58 inasikika kama kitu kilichotoka Dodoma.

Badilisha jambo moja, upime tena

Kishawishi ni kubadilisha yote kwa mkupuo. Ukifanya hivyo hutajua kilichosaidia. Sisi tulianza na tangazo la ukutani. Tuliliondoa, tukaandika kwamba kitabu kikiloa kiletwe siku hiyo hiyo, kikaushwe hapa shuleni, hakuna malipo kwa kulowa. Kupoteza bado kunalipiwa. Mkuu wa shule alikubali baada ya kuonyeshwa karatasi za boksi. Nisingekuwa nazo angeniambia, na kwa haki, kwamba nawafundisha watoto uzembe.

Vifuko vilikuja baadaye. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tuliomba kwa wazazi magunia ya salfeti yaliyokwisha kutumika, yale yenye nailoni kwa ndani, yakaoshwa na kushonwa kwa ukubwa wa kitabu. Kila kinachotoka masika kinatoka ndani ya kifuko, na kifuko kina namba kwenye daftari kama kitabu.

Kurasa za Aprili sasa zinajaa. Lakini ripoti yangu haikusema vifuko ndivyo vilivyofanya kazi, kwa sababu masika ya mwaka ule yalikuwa mepesi na huenda wangeazima tu. Linganisha muhula na muhula ule ule wa mwaka uliopita, kamwe usilinganishe Februari na Aprili, na andika kila jambo jingine lililobadilika katikati. Niliandika pia kwamba mwaka ule tulipata rafu mpya karibu na mlango. Msomaji apime mwenyewe.

Ripoti ya ukurasa mmoja

Swali lilikuwa nini, ulitazama nini na kwa muda gani, umeona nini, umebadilisha nini, unaomba nini. Ukurasa mmoja. Nukuu karatasi mbili za wanafunzi kwa maneno yao, makosa ya tahajia yakiwemo, lakini nakili kwa mwandiko wako ili mtoto asitambulike. Omba kitu cha bei ndogo kwanza, na ukiombe kabla ruzuku ya shule haijapangiwa matumizi, si baada. Kwenye kikao cha walimu zungumza dakika tano, kisha kaa.

Ukitaka kujua wenzetu duniani wanajipimaje, Mwongozo wa Maktaba za Shule wa IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, toleo la pili la mwaka 2015, unapatikana bure mtandaoni na una sura nzima kuhusu kujitathmini. Mifano yake mingi inatoka kwenye shule zenye mkutubi wa kudumu na bajeti yake, kwa hiyo usome kwa kuchambua. Jumuiya ya kimataifa ya ukutubi wa shule, IASL, iliyoundwa mwaka 1971, nayo ina jarida lake, School Libraries Worldwide. Ukiwa na bando, soma makala zake zinazotoka kwenye nchi zenye madarasa makubwa kama yetu.

Karatasi za boksi zihifadhi kwenye bahasha yenye mwaka na muhula, ndani ya kabati linalofungwa, na ukishamaliza kulinganisha uzichome. Ripoti, ramani tupu na orodha ya maswali viweke pamoja na leja ya vitabu, uvitaje kwenye hati ya makabidhiano. Walimu tunahamishwa, mara nyingi katikati ya muhula, na atakayepewa funguo baada yako huenda naye ni mtu wa Jiografia mwenye vipindi vichache.